Kilima Tuapeto

Ramani ya zamani ilisema futi mia tatu na sita.
Mama yangu, Bi Chumu, alisema pumzi nne
kwa aliyejitwika ndoo, mbili kwa mwenye mikono mitupu,
na kwa mgonjwa wa machela haisemeki.
Vipimo vyote viwili vilikuwa sahihi
siku vilipopimwa.

Chini, bonde: mpunga, kijito kisichokauka hata wakati wa kaskazi,
vyura wakibishana usiku kucha kama kikao cha mirathi.
Ukianza kupanda, udongo mweusi unauachia mguu,
mwekundu unaupokea, ule unaong'ang'ania kisigino
hadi Ijumaa. Kisha mikarafuu, safu kwa safu,
iliyopandwa na watu ambao majina yao
hayamo katika hati yoyote ya shamba.
Juu kabisa, jiwe la matumbawe lenye chaza ndani yake.
Utotoni nililiuliza: bahari ilishuka,
au wewe ulipanda?
Likanyamaza. Mwalimu wa sekondari akalijibia
kwa chaki, dakika arubaini,
na bado naona swali langu lilikuwa zuri zaidi.

Tuapeto: tua peto. Hapo wachukuzi walishusha
karafuu kavu, wakageuza shingo kulia, kushoto,
kama wanaomaliza sala,
kisha wakajitwika tena. Hilo ndilo jina.
Karani wa upimaji alisikia nusu, akaandika Tapeto,
na Tapeto likaingia serikalini, likapewa namba.

Baba, Sleyum, ndiye aliyewabebea mnyororo,
kijana wa miaka kumi na saba. Alikoroga saruji
kwa maji ya kijito, ikasimama bikoni nyeupe,
kimo cha mtoto wa chuoni.
Maisha yake yote, akipita na mgeni, aliigonga kwa fimbo:
"Maji ya hii nilichota mimi."

Baada ya Mapinduzi kilima kikakatwa eka tatu tatu.
Bikoni ikaangukia kwa Msabaha, akafungia mbuzi.
Ikaja miaka ya bei mbaya: mapeto yalipanda usiku
na hayakutua. Jina likakaa bila kazi.
Mjomba Shauri alitoka gizani na pishi sitini,
akarudi na redio na kikohozi,
na kuhusu vyote viwili hakutueleza kitu.

Halafu greda. Barabara ya Wete ilitaka kifusi,
na kifusi chetu kilikuwa chekundu, kizuri, kinashika.
Tulilipwa kwa tripu. Simlaumu mtu:
nilisaini kwa mkono wangu, na mabati ya nyumba hii
ni ubavu wa mashariki.
Mama alikaa kizingitini akihesabu malori,
kila lori konyo moja la karafuu,
hadi pakacha likajaa.
"Kilima kinahama," akasema, "na hakijaaga."

Siku bikoni ilipoporomoka, baba hakwenda kutazama.
Alikwenda kuoga.

Sasa Tuapeto ni pumzi moja na nusu.
Nimeipima mwenyewe, ndoo kichwani, mwanamume mzima,
watoto wakinicheka hadi juu.
Misali bado inaonekana. Lakini milima ya bara,
ule mchirizi wa samawati uliojitokeza mvua ikikatika,
sijauona tena. Haukuondoka.
Ni sisi tulioshuka.

Mwezi uliopita tulimchukua mama kwa njia ya barabarani,
jeneza jepesi, jua kali, lami ikinata viatu.
Baada ya daraja niliona kingo za barabara: wekundu ule ule.
Nikajua tunatembea juu ya nani,
kalala chali kutoka huku hadi Wete,
futi mia tatu na sita zilizotandazwa.
Aliyekuwa mbele yangu akaishiwa pumzi.
Tulibadilishana mabega.
Hatukutua.